Tabaka la kati la vitambaa vya meza: pamba, fiba na sufi baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikishonea nyumba moja ya wageni hapa Mbeya vitambaa virefu vya katikati ya meza na vile vidogo vya kuwekea sahani, juu kitenge, chini pamba ya rangi moja, na katika muda huo nimejaribu aina tatu za tabaka linalolazwa kati kabla ya kupiga mishono ya kushikanisha. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, kwa kuwa tabaka hilo halionekani, nalo ndilo linaloamua kama kazi itadumu.

Nilianza na polista nene, ile nyeupe inayouzwa kwa mita ambayo mafundi wengi huiita fiba, kwa sababu ni nafuu na hupatikana katika soko la Mwanjelwa bila kutafuta sana. Kazi ilitoka imetuna na kupendeza, lakini glasi iliyojaa maji haikusimama sawa juu yake, na siku sufuria ya wali ilipoepuliwa kwenye mkaa na kutuliwa hapo, iliacha duara lililobonyea. Kitenge kilikuwa kizima. Chini yake fiba ilikuwa imeshikamana na kuwa ngumu kama kadi. Polista huyeyuka kwenye nyuzi joto zinazokaribia 260, ila huanza kulegea mapema zaidi, na uzito wa chungu cha moto unatosha kuibana isirudi tena.

Sufi sina mengi ya kuisemea. Inafaa mito, kwenye kitambaa kinachofuliwa kila wiki hujikusanya pembeni na kuacha katikati patupu.

Pamba iliyotandazwa bapa kama shuka, nyuzi zake zikasokotanishwa kwa sindano za mashine hadi zikashikamana, ndiyo niliyobaki nayo, ingawa niliilipia karibu mara mbili ya bei ya fiba. Hulala bapa, sahani na kikombe hutulia juu yake, na haiyeyuki. Kasoro yake ya kwanza ni kunywea, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 katika ufuaji wa kwanza, maana yake kitambaa cha sentimita 45 kinaweza kupoteza sentimita 2. Kwa hiyo huiloweka kwanza katika maji ya vuguvugu, huikamua kwa kuibonyeza taratibu bila kuisokota, kisha huianika ikiwa imelazwa. Kitenge nacho hukifua kabla ya kukata. Kasoro ya pili wenyeji wa huku wataielewa upesi: katika baridi ya Juni na Julai, pamba huchukua hata siku mbili kukauka, hivyo nyumba ya wageni inahitaji seti mbili.

Nilipokwenda kuongeza mzigo, muuzaji mmoja alinihakikishia kuwa aliyokuwa nayo ni pamba tupu, nami nikamwamini. Nyumbani nilichomoa nyuzi chache nikazishika kwa koleo na kuziwashia kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu linalosagika kati ya vidole. Zile zilijikunja, zikatoa moshi mweusi, na mwishoni kikabaki kidonge kigumu cheusi. Ilikuwa polista, na fedha haikurudishwa.

Kwa kitambaa kirefu kinachobeba chombo cha maua tu, polista nyembamba inafaa na hukauka haraka. Panapowekwa sufuria, hata tabaka moja la pamba halitoshi, kwa kuwa joto na mvuke hupenya na kuacha doa jeupe kwenye vanishi ya meza. Mimi huweka matabaka mawili na kupiga mishono kila baada ya sentimita 5. Kwa sahani, tabaka moja la pamba. Nimekwisha kupanga kununua mita sita nyingine, na safari hii nyuzi zitachomwa palepale dukani kabla sijalipa.