Miezi minne ya mieleka: kocha safi, mikeka michafu

Utotoni Tanga tulikuwa tunapigana mieleka mchangani tukitoka madrasa, na silaha yangu ilikuwa moja tu: mtama. Kwa hiyo nilipojiandikisha darasa la mieleka ya Olimpiki hapa Dar nilijua naenda kupigwa msasa kidogo tu. Siku ya kwanza nikapangwa na kijana wa kilo 60 hivi, mimi nina 84. Nikatupa mguu nimpige mtama, akaudaka, akaunyanyua, nikajikuta natazama feni ya dari.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, jioni. Wiki mbili za mwanzo hatukumwangusha mtu. Tulifundishwa kuanguka, kusimama, na kuingia miguuni. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya nilipe mwezi wa pili.

Kwenye simu nilishamwangalia sana Jordan Burroughs, yule Mmarekani wa dhahabu ya London 2012, anavyofyatuka na kuzoa miguu yote miwili, nikaamini siri yake ni kasi. Kumbe unashuka kwanza palepale ulipo, ndipo unaingia. Goti linapita chini katikati ya miguu ya mwenzako, kichwa kinabana mbavu zake, macho juu. Mimi nilikuwa nainama kiuno, na kila nikiinama shingo inadakwa. "We mzee, umedondosha shilingi?" kocha ananipigia kelele. Hatua hiyo moja tuliirudia ukumbi mzima, kwenda na kurudi, mpaka magoti yakachubuka. Nunua pedi za magoti mapema, usisubiri kama mimi.

Mwezi wa tatu, kijana yuleyule wa kilo 60. Nikashuka, nikaingia, nikahisi sikio langu limekaa kwenye mbavu zake. Badala ya kusukuma mbele nikamsukuma kwa kichwa kuelekea pembeni, akakosa mguu wa kusimamia. Pointi mbili. Aliniangusha mara tano baada ya hapo, lakini hizo sizihesabu.

Sasa malalamiko. Mikeka inapigwa deki pale mtu anapokumbuka, na sisi wengi tunacheza miguu mitupu. (Kocha ana utani wake: Mijaín López, mwanamieleka wa Cuba, alivua viatu akaviacha katikati ya mkeka Paris 2024 alipochukua dhahabu ya tano ya Olimpiki, ishara kwamba anastaafu, nyie mnastaafu kabla hamjanunua.) Mwezi wa pili nikatoka choa mkononi, duara jekundu linalowasha. Wenzangu wawili wakapata shingoni. Nikawaambia mapokezi, nikajibiwa ni jasho tu. Jasho halichori duara. Nikaenda kununua dawa ya kupaka na kukaa nje wiki mbili, na ada ya siku hizo haikurudishwa.

Halafu kama unataka ile mieleka ya kwenye televisheni, ya kuruka kutoka kwenye kamba, usije. Jamaa mmoja alikuja na kinyago kabisa, siku ya tatu hatukumwona tena.

Ufundishaji naupa nyota tano, usafi mbili. Mwezi wa tano nimeshalipia, ila sasa naingia na fulana ya mikono mirefu, na nikitoka naoga palepale kwa sabuni yangu kabla ya kupanda daladala.