Iafoni za elfu themanini na tano, na masikio yangu yaliyosingiziwa

Naanza na hukumu, asiye na muda aondoke nayo: msinunue. Mliobaki kaeni vizuri, maana nina hasira ambayo haijapoa tangu kabla ya masika na sina pengine pa kuimwaga.

Ni iafoni zisizo na waya, zile za kuchomeka ndani ya sikio, za bei ya katikati. Si zile za elfu tano za wamachinga kwenye foleni ya Ubungo, wala si zile ambazo ukitajiwa bei unauliza kama na simu imo. Nilitoa elfu themanini na tano Kariakoo, maeneo ya Aggrey, baada ya kupatana mpaka koo likakauka. Kampuni siitaji na duka silitaji, ingawa vidole vinaniwasha. Mambo ya betri na namba za Bluetooth yapo kwenye boksi, someni wenyewe.

Siku ya kununua nilipokelewa kama mkwe. "Karibu dada yangu, kaa hapo, we dogo mletee dada kiti." Kijana wa duka akafungua pea, akaunganisha na simu yake, akaniwekea singeli mpaka mwisho wa sauti. "Sikiliza besi hiyo, dada yangu. Mzigo huo!" Sasa singeli mimi naipenda, lakini ule ni muziki unaokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Kwa mwendo huo kila kitu kinagonga, na iafoni yoyote yenye uhai itaonekana ina nguvu. Huko si kupima, ni kumchanganya mteja. Nikamwambia aunganishe na simu yangu, nikaweka dansi la zamani.

Hapa nieleze kidogo, maana kesi yote iko hapa. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kule Barabara ya Pugu, zilirekodiwa mono. Yaani sikio la kulia na la kushoto yanapewa kitu kilekile. Ukivaa iafoni zilizo sawasawa, mwimbaji anasimama katikati ya kichwa, haegemei popote. Upande mmoja ukipungua nguvu hata kidogo tu, anaanza kuhama. Mwenye mashine za kupimia apime, mimi niachieni Mlimani Park ya miaka ya 1980.

Pale dukani mwimbaji alisimama katikati, wima. Nikatoa hela.

Na lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: mwanzoni niliringa nazo. Magitaa ya solo na ridhim, ambayo kwenye zile zangu za zamani yalikuwa yanasikika kama redio iliyofunikwa na ndoo, huku unayafuata moja moja, huyu anauliza, yule anajibu. Besi inashuka bila kuvimba. Tumba niliisikia kwenye nyimbo ambazo miaka yote nilidhani hazina tumba. Kwenye taarab ndipo zinapoyumba: fidla zikipanda zote kwa pamoja zinachoma, na mwimbaji akifika kwenye neno lenye "s" inatoka na mluzi. Ukipunguza sauti kidogo inavumilika.

Umbo nalo nalisifu, nusu. Kasha ni dogo, linakaa mfuko wa mbele wa pochi, kifuniko kinajifunga chenyewe kwa sumaku. Kijani kile kilichofifia hakishiki alama za vidole. Lakini aliyeamua zenyewe ziwe laini vile, tena za kuendeshwa kwa kugusa, hajawahi kupanda mwendokasi ya Kimara saa kumi na moja jioni na mikono ina jasho. Kuichomoa kwenye kasha ni kubana huku unaomba Mungu isirukie chini ya miguu ya watu. Nikirekebisha mtandio, wimbo unakatika. Nikiurekebisha tena, simu inampigia mtu wa mwisho niliyeongea naye. Bosi wangu alishapokea simu ambayo hakuna aliyempigia, akasikiliza abiria wakigombania mlango pale Manzese. Kesho yake aliniuliza kama nilifika salama.

Halafu kuna vile vipira vya kuvisha, saizi tatu. Watu wanaviacha vile vilivyokuja navyo kisha wanalalamika besi hamna. Kipira kisipoziba tundu la sikio besi yote inavuja, unabaki na sauti nyembamba. Na masikio ya mtu si lazima yalingane; mimi kulia navaa cha kati, kushoto kidogo. Ukishaziba vizuri, honi na konda na yule mhubiri wa kwenye daladala wanasogea mbali, ingawa mngurumo wa injini unakuja palepale. Faida yake ni kwamba huna haja ya kupandisha sauti. Shikeni hilo, maana kuna mtu alikuja kuniambia tatizo ni masikio yangu.

Basi, siku moja nimepata kiti cha dirishani, jambo lenyewe la kushukuru, mwimbaji akahama. Akaegemea kulia. Nikadhani kipira kimelegea, nikakisukuma, wapi. Kufika nyumbani nikavibadilisha vipira. Nikasugua ule wavu mdogo kwa brashi kavu, maana ni kweli kabisa nta ya sikio inauziba na sauti inapungua. Nikafuta iafoni kwenye simu na kuziunganisha upya, nikaangalia kwenye mipangilio kama mizani ya sauti imeenda upande, nikajaribu kwa simu ya mdogo wangu. Kushoto bado kulikuwa kunanong'ona, na kila baada ya muda kunakwaruza.

Nikarudi Aggrey. Kijana ni yuleyule, kiti hakikuletwa. "Mambo kaka." "Poa," macho kwenye simu. Nikaeleza. Akaichukua ya kushoto, akaipuliza, na akaichomeka kwenye sikio lake vilevile bila hata kuifuta. Akatikisa kichwa kwa mdundo.

"Mbona inaimba?"

"Inaimba, kaka, lakini chini kuliko mwenzake."

Akaitoa. Akauangalia mtandio wangu pale sikio lilipo, kama anayeona ndani. "Anti, hii nzima. Tatizo ni masikio. Nenda hospitali wakakusafishe, hiyo nta hiyo."

Kwa sauti. Duka limejaa. Kuna mama mmoja alikuwa anachagua chaja, akacheka akaigeuza kikohozi.

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kuambiwa mna nta mbele za watu na mtu ambaye sekunde chache zilizopita amevaa iafoni yako. Moto ulianzia miguuni. Lakini nilikuwa na hoja, na hoja yangu ilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Kaka, tazama." Ya kushoto nikaichomeka sikio la kulia, ya kulia nikaipeleka kushoto. Zimekaa kichwa chini miguu juu, najua nilikuwa kichekesho, sijali. Nikaweka wimbo uleule. Mwimbaji akahamia kushoto. Kama ni nta angebaki palepale alipokuwa, si ndiyo? Masikio hayakubadilishana, iafoni ndizo zilizobadilishana.

"Kwa hiyo," nikamwuliza, "na nta yangu imehama?"

Mama wa chaja sasa alicheka waziwazi, na safari hii alikuwa upande wangu. Kijana hakucheka. "Anti, hizo zina upande wake. Ukizigeuza hivyo unaziua. Ndiyo maana zimekufa."

Zimekufa! Dakika mbili nyuma zilikuwa nzima!

Nikauliza waranti, ile ya miezi sita aliyoitaja mwenyewe wakati kiti kinaletwa. Akanionyesha muhuri mwekundu kwenye karatasi yangu ya mkono: mali ikishauzwa hairudishwi. Ya mkono kwa sababu siku ile risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliidai, nikaambiwa mashine inasumbua mtandao. Najua Tume ya Ushindani ipo, na najua Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imemtaja mlaji humo ndani. Lakini nitaomba ruhusa kazini, nilipe nauli, nipange foleni, nikamweleze afisa kwamba mwimbaji ameegemea kulia? Mwenye moyo huo aende, nitamshangilia.

Fundi wa simu jirani na ofisini naye nilimpelekea. Huyu angalau alinisikiliza. Akaigeuzageuza, akanionyesha kwa ukucha pale inapoungana: imegandishwa kwa gundi, hakuna skrubu hata moja. "Naweza kufungua, dada, ila kufunga sikuahidi." Kitu cha elfu themanini na tano hakifunguki! Redio ya mkulima ya marehemu babu ilifunguliwa kwa kisu cha mezani ikapona mara zote.

Na kilichonikera kuliko hela ni lile neno la masikio. Mimi ni mtu wa kujihadhari. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na simu yangu inanihesabia, na sijawahi kuufikia mstari huo. Masikio haya ndiyo yaliyogundua ugonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Mdogo wangu nilipompa asikilize alisema "mbona poa tu", mpaka nilipomwambia afumbe macho anyooshe kidole mwimbaji alipo. Akanyoosha kulia.

Kwa hiyo msinunue. Au, ngojeni. Ukiniuliza kwa bei hiyo nimesikia nini kilichozizidi, nitanyamaza, maana sijasikia. Nimeshajaribu za shoga yangu, za bei kubwa zaidi, besi imejaa tele, magitaa yamezama humo hayaonekani. Wiki kadhaa zile nilizozifaidi nilizifaidi kwelikweli. Nunueni basi, ila duka linalotoa risiti ya EFD, na mkiwa palepale dukani wekeni wimbo wa mono, mfumbe macho, mwimbaji asimame katikati kwanza. Lakini hata zangu alisimama katikati siku ile. Basi msinunue.

Kwa sasa naivaa ya kulia peke yake, na kwa kuwa nyimbo ni za mono sikosi kitu, gitaa lote limo, na hilo linazidi kuniudhi kwa sababu bado inaimba vizuri.

Juzi yule kijana kaweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp: mzigo mpya umeingia, iafoni zilezile, kijani kilekile, na bei imeshuka. Nikamwandikia kistaarabu kabisa, nikamsalimia, nikamwuliza ya kushoto peke yake ananiuzia shilingi ngapi.

Akajibu haraka. "Hatuuzi moja moja anti, tunauza pea."

Na mimi, kaka, nilinunua pea.