Nyumba kwenye mtaa wa wastaafu Arizona: uzoefu wangu baada ya miaka mitatu

Mimi na Baba Neema tuliondoka Minnesota mwaka 2022, baada ya kuchota theluji kwa koleo miaka 24. Mimi nilikuwa nesi msaidizi kwenye nyumba za kutunzia wazee, yeye dereva wa basi la shule. Magoti yangu yalishasema basi. Tukauza nyumba ya huko, tukanunua ndogo ya vyumba viwili magharibi mwa Phoenix, kwenye mtaa wa watu wa miaka 55 na kuendelea. Jina silitaji, bado naishi humo na napenda amani.

Nilipompigia simu mdogo wangu aliyeko Moshi kumpa habari, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Dada, mtaa usio na watoto? Sasa nani anatumwa dukani?" Nikacheka sana. Leo sicheki sana.

Mazuri yapo, tena mengi. Nyumba haina ngazi hata moja. Bafuni kuna vishikio, na milango ni mipana, kiti cha magurudumu kinapita bila kukwaruza. Kazi yangu ilikuwa kusukuma viti hivyo, kwa hiyo nilipima milango kabla sijaangalia jiko. Kuna bwawa, ukumbi wa mazoezi, na karakana ya useremala ambako Baba Neema anashinda kama ameajiriwa. Dukani tunakwenda na kigari cha gofu. Wiki ya kwanza mama wa Kizungu wa mkono wa kulia alituletea keki ya tufaha. Nilimrudishia sahani na sambusa juu yake, kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Sasa ana funguo zangu, nami ninazo zake.

Joto nilidhani nalijua. Mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Ukitaka kutembea, toka saa kumi na moja alfajiri, la sivyo kaa ndani na kiyoyozi na bili yake.

Kuhusu pesa: chama cha wenye nyumba tunakilipa dola 265 kwa mwezi, na imeshapanda mara mbili tangu tuhamie. Siku ya kusaini ikatokea ada nyingine ya dola 3,200, ya mara moja, eti mchango wa kuingia. Dalali alikuwa ameitaja juu juu tu, katikati ya habari za mazulia. Ilikuwa imeandikwa, lakini kwenye kitabu cha kanuni chenye kurasa zaidi ya 100, na mimi nilisoma kumi.

Kwenye zile ambazo sikuzisoma ndiko alikokuwa mjukuu wangu.

Kwa Marekani, kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto ni kosa tangu mwaka 1988. Mitaa ya wazee imeruhusiwa kuwa nje ya hilo, na sheria ya mwaka 1995 ikalegeza masharti: inatosha angalau asilimia 80 ya nyumba zenye watu ziwe na mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi, na mtaa uwe unahakiki umri. Ndiyo maana kila baada ya muda wanatuletea fomu, tunaambatanisha nakala ya leseni. Nilipoambiwa asilimia 80 nikajua kuna nafasi ya kupumua. Kumbe ile 20 si ya kugawa kama njugu. Mtaa wetu unaiweka kwa wajane ambao hawajafika 55 na kesi za namna hiyo. Juu yake kuna kanuni ya mtaa wenyewe: hakuna mkazi aliye chini ya miaka 19, na mgeni wa umri huo analala usiku 30 tu kwa mwaka.

Januari mwaka jana Neema aliachana na mumewe, akaja na Junior, miaka sita. Neema ana 34, kwa kanuni zetu yeye angeweza kuhamia kwetu kesho yake. Mtoto wake hapana. Akapanga chumba nje ya mtaa, dakika 15 kwa gari, akapata kazi hospitali, zamu za usiku tatu kwa wiki. Usiku huo Junior analala kwa nani? Piga hesabu: katikati ya Machi thelathini zimekwisha.

Nikajaribu kukausha. Wiki ya pili ikaja barua, ya adabu kabisa, ikisema baiskeli ya mtoto imeonekana kibarazani saa 12 asubuhi kwa siku tatu. Tarehe zote zimeandikwa. Ni baiskeli ya kijani yenye kengele, nilimnunulia mwenyewe.

Nikaenda kamati. Wazee watano mezani, wapole, mmoja akaniletea maji. Nikawatajia Youngtown, mji ulio jirani na Sun City, ule mtaa mkubwa wa wastaafu hapa Arizona. Youngtown ndio uliopoteza sharti lake la umri mwaka 1998 baada ya babu na bibi waliomchukua mjukuu wao kukataa kumtoa. Mwenyekiti akatikisa kichwa: "Ndiyo, na ndiyo sababu sisi hatulegezi." Alisema kweli. Majirani zangu walinunua utulivu kwa akiba ya maisha yao, na mimi nilisaini karatasi ileile.

Swali jingine nililochelewa kuuliza: tukifa, nyumba ni ya nani? Ni ya Neema, hakuna anayemnyang'anya. Anaweza kuiuza, au kumpangisha mtu aliyefikisha umri. Kuishi humo na Junior hawezi, maana kijana hajafika 19 na yeye mwenyewe hajafika 55.

Nyumba yenyewe naipa nyota tano, na majirani tano. Kwa mtu wa kwetu anayetaka kununua, ningesema apange kwanza msimu mmoja, na kitabu cha kanuni akisome na watoto wake wakubwa, maana maisha yao yamo humo pia. Mimi nisingenunua tena. Baba Neema angenunua, na tumeacha kubishana.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ikifika saa 12 jioni, nachukua mto wangu na dawa za presha, nafungua gereji, naendesha dakika 15 kwenda kulala kwenye kochi la Neema. Junior huwa amesimama dirishani. Baiskeli iko huko sasa, na kengele yake anaipiga hata saa tatu usiku.