Djembe ya kamba kwenye bendi ya jazi: inafaa, ila ina masharti

Hapa tunaipima djembe ya gogo moja (ngoma ya Wamalinke wa Afrika Magharibi, haina undugu na jembe la kulimia): mdomo sm 32, kimo sm 60, pete tatu za chuma, kamba ya mm 5, ngozi ya mbuzi. Na jazi ni ile ya Marekani, ya akina Art Blakey mpiga dramu. Morogoro Jazz, licha ya jina, ilikuwa dansi.

Sifa yake ni kofi la ukingoni, kali na kavu. Kero yake ni hilohilo: likipigwa kwa mkono wazi, piano haisikiki. Punguza nguvu ya mkono, usikimbilie kulegeza ngozi, maana ikilegea toni zote zinakuwa uji.

Besi hutokea tundu la chini. Ukiisimamisha djembe sakafuni wima, umeliziba. Tumia stendi au iinamishe. Ukifunga maikrofoni juu na nyingine chini, geuza polariti (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) ya ile ya chini, la sivyo zinakatana na besi inapotea. Hata besi ikisikika vizuri, ipunguze: inagombana na besi kubwa ya nyuzi.

Kazi kubwa ni hewa. Pwani ngozi hunywa unyevu na kulegea. Kwenye ukumbi wenye kiyoyozi hukauka na sauti kupanda katikati ya onyesho. Ifike ukumbini saa moja kabla. Sauti ikiwa bado chini, ongeza fundo: kamba ya akiba ipite chini ya kamba mbili za wima, irudi juu ya ya pili na chini ya ya kwanza, kisha vuta kwa fimbo mpaka zipishane. Mafundo mawili au matatu, sikiliza, endelea. Wenye haraka hukaza upande mmoja, na ngozi hupasuka kwenye pete. Kuiotesha moto kama ngoma za kijijini kunasaidia kwa muda tu, na ikisogezwa karibu mno ngozi inaungua.

Kosa la kawaida ni kuirundika juu ya dramu kamili. Kofi Ghanaba, mpiga dramu wa Ghana, aliyerekodi jazi Marekani mwaka 1956 kwa jina la Guy Warren, baadaye aliziweka fontomfrom, ngoma kubwa za Waakani, mahali pa dramu zenyewe, nyingine akizipiga kwa pedali. Kwa djembe pia, mpiga dramu abaki na matoazi na haihati (matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu).

Kwa ukumbi wa ndani, nunua. Kwa maonyesho ya wazi Zanzibar, chukua ya ngozi ya plastiki, inayokazwa kwa spana, japo kofi lake lina mlio wa ndoo.