Kiyoyozi cha inveta kwenye nyumba ya pwani: uzoefu wangu Unguja

Kaskazi ya Unguja haina mzaha. Kuanzia Disemba mpaka masika yaingie, hata usiku ni fukuto tupu, shuka zinanata mwilini na feni ya dari inazungusha hewa ileile ya moto. Nyumba yetu iko Mazizini, si mbali na bahari, kuta za matofali ya saruji na paa la bati. Bi Mkubwa alipohamia kwetu na presha yake, tukaona chumba chake lazima kiwekwe kiyoyozi. Nikanunua cha inveta, yaani kinachojirekebisha mwendo chenyewe, BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), chenye gesi ya kupozea ya R32, kwenye duka moja la vifaa vya umeme mjini. Kampuni siitaji. Viyoyozi vya aina hii vimejaa madukani na tofauti zake si kubwa kama wauzaji wanavyodai.

Muuzaji alitaka kunipa cha 18,000. "Chukua kikubwa mzee, kinapoza chap." Kupoza chap kweli kitapoza, ila chumba cha mita nne kwa nne chenye dari lililofungwa vizuri kinatoshwa na 12,000, na kwa hali ya hewa yetu kikubwa kupita kiasi ni hasara. Kinaishusha hewa upesi, kinatulia kabla hakijaukausha unyevu, na wewe unabaki kwenye chumba cha baridi chenye majimaji, nguo kabatini zinaota ukungu. Nikashikilia 12,000 na sijajuta.

Watu wengi wanadhani kazi ya kiyoyozi ni kuleta ubaridi tu. Kwetu sisi wa visiwani, sehemu kubwa ya kazi yake ni kukamua maji hewani. Mpira wa kutolea maji nimeuelekeza kwenye ndoo ya lita ishirini uani. Usiku wa Februari, mlango ukifungwa vizuri, ikifika asubuhi mna maji ya kutosha kudekia ukumbi mzima. Maji yote yale yalikuwa mvuke chumbani. Kuugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji ni kuondoa joto la karibu uniti 0.7 (uniti zilezile za mita ya umeme). Mashine nzuri hailipi yote hayo kwa umeme, hulipa kama robo au theluthi, kwa sababu inalihamisha joto na kulitupa nje. Hata hivyo hesabu inapanda kila mtu anapoingia na kutoka na kuacha mlango wazi. Ukiingiza hewa mpya ya kaskazi, umeingiza maji mapya ya kukamuliwa.

Ndoo hiyo pia inanipa habari. Ikiwa ni kaskazi, chumba hakipoi na ndoo imepungua maji, najua chujio limeziba au barafu imeshika ndani ya mashine. Maji yakianza kudondoka chumbani, ukutani chini ya kiyoyozi, basi mpira umeziba kwa ule utelezi wa kijani unaoota humo. Puliza mpira, mwaga maji ya kutosha, tatizo limekwisha. Wakati wa kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka, maji hupungua yenyewe kwa kuwa hewa ni kavu kidogo, usimwite fundi kwa hilo. Na maji yale si ya kunywa, wala usiyatie kwenye betri ya gari kama wanavyofanya baadhi ya madereva wetu. Yameshapita kwenye vumbi na kwenye metali.

Sasa rimoti. Vijana wa nyumbani wakiingia tu wanabonyeza mpaka 16. Chumba kikiwa na joto la 31, mashine itakimbia kwa nguvu zake zote uwe umeweka 24 au 16. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haipati kupumzika. Bi Mkubwa analala kwa 26 na feni ya dari ikizunguka polepole, na ananiambia kunakucha hajatoka jasho. Siku za mvua za masika, joto likiwa la wastani lakini kila kitu kimelowana, tunatumia ile alama ya tone la maji: feni inakwenda taratibu, unyevu unatoka. Alama ya jua ni ya kupasha joto, na hiyo haina kazi Zanzibar. Hata kusi la Julai usiku unabaki juu ya nyuzi 20. Mtu akikutoza zaidi kwa sababu mashine ni "ya joto na baridi", mwambie joto unalo tele.

Kuhusu umeme, kiyoyozi cha kawaida kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi, ama inawaka yote ama inazima. Ya inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa. Nimeitazama mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, vitu vingine vyote vikiwa vimezimwa: mwanzoni inavuta kama kilowati moja, ikishatulia inashuka hadi wati mia tatu na ushei. Kutoka isha mpaka alfajiri inakula uniti tatu na kitu. Kile cha dirishani tulichokuwa nacho ukumbini, mtumba kutoka nje, kilikuwa kikimeza karibu mara mbili ya hiyo, tena kikinguruma. Kilikuwa cha R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa hatua kwa hatua, kwa hiyo na gesi yenyewe inazidi kuwa adimu. Ila ukweli usemwe: faida ya inveta unaiona ukiiwasha kwa saa nyingi mfululizo. Kama unataka kupoa kidogo baada ya chakula cha mchana kisha unazima, bei ya ziada itachukua muda mrefu kurudi.

Kilichonichosha ni mafundi. Msimu wa pili baridi ilianza kupungua, nikamwita fundi mmoja. Hakufungua hata kifuniko. Akafunga geji nje, akasema, "Gesi imekwisha mzee, tuongeze." Akaongeza, akalipwa, akaenda zake. Haikufika kaskazi nyingine baridi ikapungua tena. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka humohumo miaka nenda miaka rudi, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kuitupa hewani.

Aliyefuata ni kijana wa Fuoni, na huyu ndiye ninayempa nyota zote. Kwanza alikoroga sabuni ya unga kwenye kopo, akachukua brashi, akapaka povu kwenye kila kiungo cha paipu za shaba. Kwenye nati ya kifaa cha nje povu likaanza kufura, kitone kimoja kidogo, kinapasuka, kinatoka kingine.

"Umeona mzee? Hapa ndipo hela yako inapovujia."

"Sasa unaikaza?"

"Nikiikaza tu itavuja tena. Mdomo wa paipu umepasuka, lazima niukate niutengeneze upya."

Akaitoa gesi iliyobaki na kuihifadhi kwenye mtungi wake, akakata ncha ya paipu, akaitanua upya, akafunga. Kisha akawasha pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ifanye kazi huku tukinywa chai, kwa sababu hewa na unyevu vikibaki ndani vinaiua kompresa taratibu. Mwisho akauweka mtungi juu ya mizani na kujaza gesi kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Hakukisia kwa kushika paipu kwa mkono. Gesi ikizidi nayo ni taabu, umeme unapanda na baridi haiongezeki. Tangu siku ile hatujaongeza gesi. Fundi akija kwako hana mizani wala pampu, mpe chai aende.

Siku hiyohiyo alifungua kifaa cha ndani, akatundika nailoni chini yake na kuosha lile gurudumu refu linalopuliza hewa. Maji yalitoka meusi ti, na yalinukia udi. Ndiyo, udi. Bi Mkubwa kila Alhamisi jioni anafukiza, udi na ubani, na moshi ule una mafuta mafuta. Unanata kwenye chujio na kwenye vyuma vya ndani, vumbi linakuja kukaa juu yake, hewa haipiti. Kumwambia asifukize haiwezekani na wala sitaki. Tulichokubaliana ni kwamba anazima kiyoyozi kwanza, anafungua dirisha, chumba kikishanukia na moshi ukatoka ndipo tunafunga na kuwasha. Machujio nayaosha mwenyewe kila wiki mbili wakati wa kaskazi, kwa maji na sabuni kidogo, nayaanika kivulini. Ni kazi ya dakika chache, na katika vyote ninavyofanya hicho ndicho kinachosaidia zaidi kwa gharama ya bure.

Adui mwingine ni chumvi. Kifaa cha nje kina vijipati vyembamba vya alumini, na hewa ya bahari inavila mpaka vinageuka unga mweupe ukivigusa. Nilichagua chenye vijipati vilivyopakwa rangi ya kinga, nikakiweka ukuta wa nyuma usiopigwa na upepo wa pwani, kwenye kivuli, kimeachiwa nafasi ya kupumua pande zote. Mikono ya chuma inayokibeba imeshaanza kutu, na hiyo itazame mapema kabla mzigo haujashuka chini. Kila mwezi nazima umeme kwenye swichi kuu na kukisuuza kwa mpira wa maji, mkondo mdogo, maana ule wa kuoshea magari unavipinda vijipati. Maji yawe ya bomba, ya ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar). Visima vingi vya huku karibu na pwani vina magadi na chumvi, na kuosha chumvi kwa chumvi ni kujichosha.

Usiwasahau mijusi kafiri. Wanapenda joto la bodi ya umeme ndani ya kifaa cha nje, mmoja akigusa pasipogusika anakufa yeye na bodi pamoja, na bodi ya inveta ndiyo kitu ghali baada ya kompresa. Jirani yangu yamemkuta. Kijana wa Fuoni alinizibia matundu ya nyaya kwa wavu mwembamba wa chuma.

Bodi hizo pia hazipendi umeme wa kupanda na kushuka. Umeme wetu unakuja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba, na tangu waya mpya wa megawati 100 ulipowashwa mwaka 2013 mambo ni afadhali sana. Lakini jioni volti zikianguka taa zinakuwa nyekundu. Stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, inayochelewesha kuwaka dakika tatu baada ya umeme kurudi ni lazima, na haimo kwenye boksi la kiyoyozi, uipangie bajeti. Na sisi tulioishi bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatujengi chumba kisichokuwa na madirisha ya kupitisha upepo, hata tuwe na mashine ngapi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokimbilia dukani. Kabla ya kiyoyozi, funga dari. Bati la saa nane mchana linashusha joto chumbani mpaka usiku wa manane, na hakuna mashine itakayolishinda kwa bei nafuu. Dirisha la magharibi lipate pazia zito au kivuli cha nje. Chini ya mlango weka mpira. Dada yangu anakaa Malindi ya Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, kuta nene, dari refu, na kiangazi chumba chake cha chini kinapoa kuliko changu kabla sijawasha kitu. Kwa nyumba kama hizo uliza kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujatoboa ukuta wala kutundika kifaa cha nje juu ya kichochoro, na maji ya mpira yasiteremke ukutani, chokaa haivumilii.

Kwa mashine yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Iko kimya, inakausha chumba, Tukuza haikimbii. Nyota moja naikata kwa dhamana. Duka lilisema ni miaka kadhaa kwa kompresa, lakini masharti kwenye karatasi yanataka uwe umefungiwa na fundi wao na uwe na risiti ya kila sevisi, jambo ambalo muuzaji hakulitaja mpaka nilipouliza kwa mara ya pili. Isome karatasi hiyo palepale kaunta kabla hujatoa pesa. Kwa mwenye chumba kisicho na dari, au anayetaka baridi ya saa moja tu mchana, pesa hizo bora zinunue mbao na feni nzuri.