Mgahawa wa kumpeleka mteja mkubwa: usikilize ukumbi kabla hujasoma menyu

Malalamiko ninayoletewa kuhusu chakula cha jioni na wateja yanafanana mpaka yanachosha. Hakuna anayelalamikia chakula. Anayeniandikia ni ofisa mauzo, au mwanasheria, au dada mwenye kampuni yake ya usafirishaji. Kachagua mgahawa unaosifiwa mji mzima, kapendeza, kawahi, mteja kaketi, na kuanzia hapo jioni yote imekuwa ni "samahani, umesemaje?" Mmoja alitaja mia tatu, mteja akasikia mia tano, wakapeana mikono na kuagana kila mtu na bei yake kichwani. Barua pepe za kesho yake alizisimulia kwa uchungu.

Kwa hiyo maegesho, ladha na umaarufu wa mpishi nawaachia wengine. Mimi leo nina jambo moja tu, nalo ni mwangwi.

Watu husema "pale pana kelele" kana kwamba kelele waliileta wateja wa usiku ule na wataondoka nayo. Sehemu kubwa ya kelele ya mgahawa imejengwa pamoja na kuta. Aliyelithibitisha jambo hili kwa vipimo ni Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kuuokoa ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mwalimu alikuwa hasikiki. Usiku, watu wakishalala, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga, akapuliza bomba la kinanda, akashika saa na kusikiliza sauti inachukua muda gani kufa. Ukumbi ulipokuwa mtupu ilichukua sekunde 5 na nusu hivi. Yaani neno la kwanza la mwalimu lilikuwa bado linazunguka hewani wakati sentensi nzima imeshakwisha. Kadiri mito ilivyoongezeka, ndivyo sauti ilivyokufa mapema. Kanuni aliyoipata inatumika mpaka leo: mwangwi unategemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu vinavyomeza sauti ndani yake.

Sasa ingia kwenye mgahawa wowote uliofunguliwa juzijuzi uhesabu vitu laini. Sakafu ni zege lililong'arishwa. Meza ni mbao tupu, hazina vitambaa. Upande mmoja wote ni kioo. Dari limebomolewa makusudi ili mabomba yaonekane, na jiko liko wazi, kwa hiyo kila sufuria inayogongwa ni sehemu ya burudani. Kitu laini pekee mle ndani ni nguo za wageni.

Juu ya mwangwi huo unakuja ubishi wa sauti. Daktari wa masikio Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila hata kujijua. Meza ya kushoto ikipandisha, ya kulia inajibu, na ya kwenu haibaki nyuma. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, na kila zikiongezeka 10 sikio huhisi sauti imekuwa mara mbili hivi. Ukumbi ukifika 80, sikio linahisi mara nne ya mazungumzo ya kawaida, na wewe hapo ndipo unataka kueleza kifungu cha dhamana.

Anayeumia zaidi ni nani? Ni mteja anayezungumza nanyi kwa lugha yake ya pili, kwa sababu kwenye kelele lugha ya kujifunza hupotea kabla ya lugha ya mama. Na ni mteja aliyekula chumvi. Masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti za juu, ambazo ndizo zinazobeba herufi kama s, f na t. Mara nyingi mzee huyo ndiye mwenye kalamu ya kusaini. Wala hatakuambia kwamba hakusikii. Atatabasamu, atatikisa kichwa, na wewe utarudi ofisini kutangaza kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri.

Kupima ni rahisi. Ukipita mchana ukumbi ukiwa mtupu, simama katikati upige kofi moja kali. Sauti ikikatika hapohapo, endelea na mipango. Ikiacha mkia unaolialia juu ya dari, shukuru uondoke. Meneja atakukodolea macho. Mwache akodoe, ndiyo kazi yake. Kama una nafasi, rudi siku ileile ya wiki na saa ileile utakayomleta mteja, maana ukumbi mtupu hauna ubishi wa sauti. Simu yako inaweza kupima: wenye iPhone wana programu ya bure ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, na programu ya SoundPrint inaonyesha vipimo vilivyowekwa na wateja wengine mahali pengi. Kipimo changu ni desibeli 70 kushuka chini. Ikizidi 75 simpeleki mteja, hata kama mpishi ameshuka kutoka mbinguni.

Usipimie mlangoni. Kaa kwenye meza yenyewe. Umbali ukiwa mara mbili, sauti inayokufikia moja kwa moja kutoka kinywani mwa mtu hushuka desibeli 6 hivi, kwa hiyo meza kubwa ya duara ya watu wanane, ile inayopendeza pichani, inakutenganisha na mteja mliyeketi mkitazamana. Watu wanne kwenye meza ndogo ya pembeni wanaelewana zaidi. Angalia juu kama kuna spika. Angalia mlango wa jiko uko wapi na mashine ya kahawa iko wapi. Angalia na taa pia, maana sote tunasoma midomo bila kujua, na ukumbi wa giza unaziba masikio mara ya pili. Chombo cha maua kilichosimama katikati ya meza mwombe mhudumu akiondoe.

Haya, sasa nipange.

Namba moja, na sitafuti maneno ya kuzunguka, ni ukumbi mkuu wa chakula wa hoteli kubwa, na katika hoteli mimi ni mtu wa Four Seasons. Naipendelea waziwazi, asiyependa na aende Mandarin Oriental, ambayo naiweka ya pili kwa unywele tu. Hoteli ya namna hii inaishi kwa watu waliolala ghorofani, hivyo imezoea kuogopa kelele: mazulia, mapazia mazito, viti vyenye sponji, na nafasi kati ya meza na meza inayoruhusu mtu kutaja tarakimu. Mara nyingi mteja mgeni analala humohumo, hana haja ya kuhangaika na barabara usiku. Bili unaweza kuipanga na meneja mapema ili isiletwe mezani kabisa, na kesho yake ukapewa ankara inayoeleweka na mhasibu. Ila uwe mwangalifu na jina la ukumbi unaobuku. Hoteli hizihizi siku hizi zina baa ya paani yenye mpiga santuri, na nyingine zimekodisha ghorofa ya chini kwa mpishi maarufu aliyekuja na zege lake. Sema kwa mdomo wako kwamba unataka ule ukumbi ambao watu hunywea chai asubuhi.

Namba mbili ni mgahawa mkongwe wenye vitambaa vya meza. Vijana wanaucheka. Waacheni wacheke. Mfano wake mkuu ulikuwa The Four Seasons wa New York (jina limefanana tu, haukuwa wa kampuni ya hoteli), uliofunguliwa mwaka 1959 ndani ya jengo la Seagram, na ndani yake ulisanifiwa na Philip Johnson. Jarida la Esquire mwaka 1979 liliuandika kuwa ndio makao ya chakula cha mchana cha wakubwa. Wachapishaji, mabenki na wanasiasa walipigania meza pale, na mvuto mmoja mkubwa ulikuwa kwamba meza ziliachana: ulimwona hasimu wako anakula na nani, ila hukusikia anachosema. Uliondoka kwenye jengo hilo mwaka 2016. Kama mji ulipo bado una mgahawa wa namna hiyo, wenye wahudumu wazee wanaomwaga maji bila kukatiza sentensi, ulinde.

Namba tatu ni chumba cha faragha ndani ya mgahawa wowote mzuri. Najua wengi mngekipa namba moja. Kwanza, chumba kidogo chenye kuta za kioo na meza ya marumaru kinaweza kuwa na mwangwi kuliko ukumbi, kipige kofi nacho. Pili, watu watatu kwenye chumba cha watu kumi na mbili wanaonekana kama kamati ya nidhamu. Tatu ni hiki kiwango cha chini cha matumizi, na hapa niruhusuni niseme yangu. Unaambiwa lazima mtumie kiasi fulani. Mkila mkashiba bila kukifikia, unalipishwa pengo. Unauliza kama gharama ya huduma inahesabiwa ndani ya kiasi hicho. Hapana, hiyo inakuja juu yake. Kodi je? Nayo juu. Halafu mashine ya kadi inaletwa, imeshaandikwa asilimia za bakshishi, na mhudumu kasimama begani kwako mbele ya mteja anatazama utabonyeza ipi. Kulipa huduma mara mbili si ukarimu, ni kuviziwa. Uliza kwa maandishi kabla, bakshishi wanahesabuje na ya nani, na usikubali jibu la simu.

Namba nne: migahawa ya nyota. Nyota za Michelin zilianza mwaka 1926, kutoka kwenye kijitabu ambacho kampuni hiyo ya matairi ilianza kuwagawia wenye magari mwaka 1900. Ni kipimo cha heshima, lakini ni kipimo cha kilichomo kwenye sahani. Wakaguzi wanatazama ubora wa viungo, ustadi wa kupika, ulinganifu wa ladha, mkono wa mpishi mwenyewe, na kama sahani za leo ni kama za jana. Zulia halimo. Mwangwi haumo. Na menyu ya kuonja, yaani mfululizo wa sahani ndogondogo alizopanga mpishi, ambayo sehemu nyingi za namna hii ndiyo wanayotoa peke yake, huchukua saa tatu au zaidi, na kila sahani inakuja na mhudumu wa kuieleza. Umefika kwenye masharti ya malipo, anatokea kijana kuwaambia jani hili limechumwa wapi. Mpeleke huko mteja mliyekwisha saini naye.

Namba tano ni ule mgahawa mpya ambao kila mtu amepiga nao picha. Kizuri chajiuza. Mahali pale panahitaji kuzungusha meza, yaani mliokula muondoke upesi wengine wakae, na muziki ni sehemu ya mashine hiyo. Mwaka 1986 Ronald Milliman alichapisha utafiti alioufanya mgahawani: muziki wa polepole ulipopigwa, watu walikaa muda mrefu zaidi mezani na kutumia zaidi kwenye vinywaji kuliko ulipopigwa wa haraka. Kwa hiyo ukisikia ngoma za mbio saa ya chakula cha jioni, ujue kuna anayetaka kiti chako.

Wenye bajeti ndogo: nendeni mchana badala ya jioni, kwenye ileile namba moja au mbili. Hapo nimemaliza.

Kilichobaki ni hili la kuweka nafasi, ambalo linanipandisha shinikizo la damu. Siku hizi wanachukua namba ya kadi yako kabla hujaona hata kijiko, wanakukata ukiahirisha, na bado hawakubali kukuahidi meza fulani. "Tutaandika kama ombi." Kadi yangu hamkuiandika kama ombi! Andika barua pepe yenye jina la meneja, taja meza kwa namba yake, eleza kwamba ni mazungumzo ya kazi na unataka spika ya upande huo ipunguzwe, kisha subiri ajibu kwa jina lake. Akijibu kwamba meza itahitajika tena baada ya saa mbili, mshukuru na umtafute wa hoteli.