Seti ya klachi ya Exedy kwenye Hilux ya 1994: nimeifunga nyumbani

Kama Hilux yako inavuma mlimani lakini haiendi, klachi imeisha. Yangu ni ya 1994, dizeli, ya kuvuta magurudumu ya nyuma tu, na seti ya Exedy niliyoifunga mwenyewe uani naipendekeza kwa moyo wote. Ilikuja na klachi pleti, presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana klachi pleti) na rilisi beringi (inayosukuma springi hizo ukikanyaga pedali). Pailoti beringi, ile ndogo ya mwisho wa krenki inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi, nilinunua pembeni. Usiiache hata kidogo, maana bei yake ni ndogo, na ikianza kulia baadaye gia boksi inashuka upya.

Duka moja Kariakoo walitaka nichukue pleti peke yake, eti presha bado nzima. Nilikataa. Springi za presha huchoka, na jasho la kushusha gia boksi ni lilelile.

Toa terminali ya betri, propela, stata na mkono wa gia. Silinda ya chini ya klachi, ile ya mafuta iliyo kwenye gia boksi, fungua bolti zake tu uining'inize pembeni; paipu usiiguse, hutahangaika kutoa hewa. Gari likae juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake, na awepo mtu wa pili wa kupokea gia boksi. Vumbi la pleti ya zamani usilipulize, huenda lina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Pailoti beringi ya zamani iligoma kabisa. Nikashindilia grisi kwenye tundu lake, nikaingiza chuma kilichoenea humo bila nafasi, nikagonga kwa nyundo. Grisi ikakosa pa kukimbilia, ikaisukuma beringi nje taratibu. Nilifurahi sana! Sili ya nyuma ya krenki nayo ilikuwa inavuja, nikaibadilisha papo hapo, kwa sababu oili ikigusa pleti mpya itateleza kama iliyoisha. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ilikuwa na madoa ya bluu ya joto, nikaipeleka kwa wachonga vyuma wakaisawazisha.

Pleti iweke katikati kwa kile kijiti cha plastiki cha kulenga, la sivyo shafti ya gia boksi haiingii na mtasukumana na gia boksi mpaka giza. Bolti za presha zikaze kwa kupishanisha, kidogo kidogo, hadi Nm 19.

Pedali sasa ni laini, rivasi inaingia bila kukwaruza. Kimara napanda na saruji nyuma, na injini ikivuta, gari linakwenda.